Kisahani Kitupu

"Usikitoe bado," fundi maabara alisema. "Kizungushe. Kiguse ukuta wa pua, kisielee tu katikati."

Inspekta akakizungusha. Kijiti cha pamba kilikuwa kimezama tundu la kulia, na machozi yalimtoka jicho la upande huohuo peke yake, kana kwamba nusu ya uso wake ilikuwa imefiwa. Akahamia tundu la kushoto bila kuambiwa. Alipomaliza akapiga chafya, akaomba radhi, akapiga nyingine, kisha akakichomeka kijiti ndani ya kibomba chake cha plastiki na kukaza kifuniko.

Koplo alikuwa amesimama mlangoni, kofia kwapani. Alisema kama huu ndio upelelezi wenyewe, basi siku watakayoletewa kesi ya sumu yeye ataomba likizo mapema.

"Umesikia chafya?" Inspekta alimwuliza huku akijipangusa.

"Hata wodini wamesikia, afande."

"Basi ikumbuke. Tutaihitaji."

Hakuwa akitania. Kituoni walimbandika jina la Taratibu kwa sababu alikuwa na tabia ya kutaka kulishika jambo kwa mkono wake kabla hajalitia kwenye maelezo. Na jambo lenyewe safari hii lilikuwa hili: je, kijiti kama hiki kiliwahi kuingia katika pua ya fundi kufuli, au hakikuingia?

Fundi kufuli alikuwa amefariki wiki iliyopita katika wodi ya wanaume. Aliingia hospitali kwa ajili ya moyo, akawekewa oksijeni ya mpira mwembamba unaopita chini ya pua, akaanza kupata ahueni. Halafu homa ikamkuta humohumo wodini, kikohozi kikaja na makohozi mazito, na daktari akasema ni nimonia. Nimonia ya kuipatia hospitalini ina ubaya wake. Huweza kuletwa na mdudu sugu, asiyesikia dawa za kawaida. Kwa hiyo daktari alimtundikia dripu mbili, na moja ilikuwa ile dawa kali ya kumkomesha huyo mdudu. Ila dawa ile hupiga figo, na figo za mzee zilikuwa zimekwisha kuchoka. Ndipo daktari akaagiza pua ipimwe. Mdudu yule hupenda kukaa puani kabla ya kushuka kifuani. Pua isipokuwa naye, karibu kila mara na mapafu hayanaye, na dawa kali inaweza kuondolewa ili figo zipumzike.

Majibu yalirudi kwamba hayupo. Dawa ikaondolewa. Baada ya siku chache mzee alikata roho akiwa ameshika mkono wa binti yake, na uchunguzi wa maiti ulipofanyika, mapafu yalikutwa yamejaa mdudu yuleyule.

Binti alikuja kituoni akiwa bado amejifunga kanga ya msiba. Alisema nesi hakumpima baba yake. Alisema siku ile yeye alitoka kwenda kuchota maji ya kumwogeshea mgonjwa, aliporudi akaambiwa kipimo kimeshachukuliwa, na kwamba kazi ya haraka namna ile haijafanyika, imesemwa tu. Nesi akasimamishwa kazi. Mkuu wa upelelezi alikuwa amekwisha kutamka namna anavyolitaka jalada: uzembe uliosababisha kifo, lifike kwa mwendesha mashtaka kesho asubuhi.

Inspekta alimfahamu marehemu. Polisi walikuwa wakimwita kila palipokuwa na mlango wa kufunguliwa pasipo kuvunjwa. Mzee alikuwa na mazoea ya kuwaambia askari wageuke wampe kisogo wakati anafanya kazi. Walipomwuliza kama anaficha ufundi, alijibu kwamba yeye hafichi kitu, ni kufuli ndilo lenye haya. Mara ngapi Inspekta alisimama kwenye kibaraza cha watu akiutazama ukuta, akisubiri mlio ule mdogo wa chuma kinachokubali.

"Tuvione," alisema.

Fundi maabara akafungua friji, akatoa visahani viwili vya plastiki vilivyofungwa kwa karatasi ya gundi. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kuongea na vitu vyake kabla ya kuongea na watu. Alieleza kwamba kijiti kikiletwa hukisugua juu ya visahani viwili vyenye chakula cha vijidudu. Kisahani cha kwanza kimetengenezwa kwa ajili ya mdudu sugu peke yake. Kama yupo atajitokeza kwa rangi, kama hayupo hapaoti kitu. Hicho kilikuwa kitupu, na ndivyo alivyojibu. Kisahani cha pili ni cha kila mtu. Kila pua ina wapangaji wake, alisema, wala hawana madhara. Kisahani hicho humwonyesha kwamba kijiti kimetoka puani kweli.

Akakiinua dhidi ya mwanga wa dirisha. Pembeni akaweka kisahani kingine, cha pua ya mtu mwingine, kwa kulinganisha. Kile cha mtu mwingine kilikuwa kimejaa madoa meupe na ya manjano, kama ukuta uliorukiwa na matope. Cha fundi kufuli kilikuwa na vijidoa viwili tu, vidogo, vimejitenga ukingoni.

Koplo akasogea. Alikitazama kisahani, akamtazama Inspekta, akapuliza pumzi kupitia meno. "Nesi kajimaliza," alisema. "Kijiti hakijaona pua."

"Uliliona hili siku ile?" Inspekta alimwuliza fundi maabara.

Yule bwana alisema aliliona. Alidhani kijiti kilizungushwa kwa haraka. Aliulizwa kama mdudu sugu yupo, akajibu hayupo, kwa kuwa kweli hakuwapo. Alikusudia kupiga simu wodini waletewe kingine. Siku ile alikuwa peke yake, meza imejaa damu za watu, na simu haikupigwa. Alilisema hilo akiwa anatazama friji, si uso wa mtu.

Inspekta hakumkemea. Alikaa kwenye kiti kirefu, akatafakari. Kitu kilikuwa hakimkai sawa. Mtu anayedanganya kazi hii hachukui kijiti kikavu akakituma. Ni rahisi zaidi kujitia mwenyewe puani, au kukipitisha mdomoni, kuliko kutuma ushahidi dhidi yake. Akauliza kama kijiti chenyewe bado kipo. Kilikuwapo. Akauliza kama kuna njia ya kujua kimegusa nini, hata kama hakikuota kitu.

Fundi maabara akakitazama kidogo, kama mtu aliyekumbushwa jina la jirani yake. Kisha akakamua unyevu wa pamba juu ya kioo, akautia rangi, akausuuza, akauweka chini ya hadubini. Alichungulia, akarekebisha lenzi. Halafu akasogea pembeni ili Inspekta achungulie.

Mle ndani mlikuwa na vigae vyembamba vya waridi, vingine vimekunjamana, na unywele mfupi uliokatika. Ngozi ya ndani ya pua, fundi alisema. Tena nyingi. Aliyekishika kijiti hicho alikisugua barabara.

"Na hivi viduara vinavyong'aa?"

"Mafuta. Yamekataa rangi."

"Mafuta ya mwilini?"

"Hapana. Mwili hauna mafuta ya namna hii puani. Haya yamepakwa."

Koplo aliivaa kofia, akaivua tena. Inspekta aliendelea kuchungulia kwa jicho lile lililokuwa bado linamwuma. Aliuliza, bila kuinua kichwa, kama fundi amewahi kuona pua nyingine tupu namna hii. Fundi akasema huziona kwa watu wanaoandaliwa kwa upasuaji. Hupewa marhamu ya kupaka puani asubuhi na jioni, ili vijidudu wafe kabla kisu hakijapita.

"Pua ikishapakwa hiyo marhamu, kijiti bado kinasema kweli?"

"Kinasema kweli juu ya pua," fundi maabara alisema. "Juu ya mapafu hakijui tena."

*

Walimkuta nesi nyuma ya nyumba yake, akianika sare. Alikuwa amesimamishwa kazi, lakini alizifua kila siku, na Koplo aliponong'ona kwamba sare safi hivi zinavaliwa na nani, mwenyewe alisikia, akajibu kwamba asipozifua atakuwa amekubali. Aliwaletea viti. Hakuleta la ziada.

Inspekta alimtaka aeleze upya namna alivyochukua kipimo. Alieleza vizuri, pole kwa pole, tundu moja baada ya jingine, na mikono yake ilikuwa ikizunguka hewani kana kwamba mgonjwa yuko mbele yake. Inspekta akauliza mgonjwa alifanya nini.

"Alipiga chafya. Nikaruka nyuma. Akacheka, maskini, na kifua kile. Akaniambia, 'Mwanangu, una bahati, leo tundu limetiwa mafuta.' Nikajua ni mambo yake ya makufuli. Mzee yule hata akiumwa ulikuwa huwezi kukaa naye dakika bila utani."

Koplo akainua macho. Inspekta alimwashiria anyamaze.

Aliuliza kama mgonjwa alikuwa akipakwa chochote puani. Nesi akabadilika uso. Mafuta karibu na oksijeni ni marufuku, alisema, huweza kushika moto. Ametoa watu nje ya wodi kwa kosa hilo, wake za wakubwa pia. Na daktari naye alimwuliza swali hilohilo kabla ya kuagiza kipimo, kama mzee ametumia marhamu yoyote ya pua. Alimjibu hapana. Alimjibu hapana kwa sababu dawa zote za wodi ile hupita mkononi mwake, na marhamu haikupita.

"Nani alikuwa akimwogesha?" Inspekta alisema.

"Binti yake."

"Kumlisha?"

"Binti yake."

"Kumgeuza, kumpangusa, kukaa naye?"

"Binti yake, afande. Mimi nina wodi nzima. Bila ndugu, wagonjwa wetu wangelala kwenye uchafu wao. Yule binti alifanya kazi kuliko wahudumu watatu, nami nilimwambia hivyo." Sauti ilimpungua. "Ndiye huyo aliyenishitaki."

"Daktari alimwuliza na yeye juu ya marhamu?"

Nesi alishika ukingo wa shuka lililokuwa kwenye kamba, akaunyoosha ingawa ulikuwa umenyooka.

"Yeye si mtu wa dawa," alisema. "Nani angemwuliza?"

Kabla hawajaondoka Inspekta alitaka kujua nani aliyelala kitanda cha jirani. Nesi akasema ni refa mstaafu, aliyeanguka na kuvunjika nyonga. Alikuwa akisubiri nafasi ya upasuaji, na siku moja kabla ya kipimo kile alihamishiwa wodi ya upasuaji. Mtu wa kelele, aliongeza, lakini mzee wa watu hana baya.

*

Refa alikuwa amelazwa chali, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito. Hata hivyo aliinua kidole kumwonya Koplo aliyetaka kukaa ukingoni mwa kitanda. Alimwambia hilo ni eneo la hatari, na faulo humo ni penalti. Koplo akarudi nyuma akiwa ameinua mikono. Mzee akafurahi kupata mchezaji mtiifu.

Alipoulizwa juu ya marhamu alianza kulalamika kwanza. Alisema manesi wa upasuaji walimletea kityubu akiwa bado wodi ile nyingine, wakamwambia ajipake puani asubuhi na jioni. Yeye maisha yake yote hapendi kuchezewa pua. Alijipaka mara moja, ikamwasha, akakitupa kwenye kabati la kitandani. Upasuaji nao ukaahirishwa kwa ajili ya presha, basi akaona heri.

Na yule fundi wa jirani, aliendelea, pua yake ilikuwa imekauka kwa ule mpira wa hewa mpaka inapasuka. Usiku alikuwa akilalamika kama mtoto, na mchana binti yake akimfuta damu kwa kitambaa. Binti aliomba mafuta ya kawaida, nesi akamkemea. Refa alimwonea huruma. Alifungua kabati, akampa kityubu kile, akamwambia hiki ni cha pua, kimetoka kwa manesi wenyewe, hakina ubaya; ila ampake baba yake wakati nesi amegeuka, asije akaanza maneno.

"Sikumdanganya," Refa alisema. "Ni ya pua kweli. Nilimpa pasi safi, yeye akamalizia."

"Alimpaka kwa muda gani?"

Mzee akapiga hesabu kwa macho yaliyofumbwa, akasema tangu mwanzo wa wiki ile mpaka siku yeye Refa alipohamishwa, kila asubuhi na kila jioni, kama saa ya ukutani. Yule bwana akawa analala. Akawa anapumua bila kukoroma. Kisha Refa akafumbua macho na kumwuliza Inspekta, kwa uchangamfu uleule, mzee mwenzake anaendeleaje. Alikuwa amemwahidi kumtengenezea kufuli la sanduku lake. Wamwambie bado anadaiwa.

Koplo alitazama dirishani. Inspekta alivua kofia, na mzee alipoiona imevuliwa uchangamfu ukamwondoka kabla neno halijatamkwa.

"Lini?"

Inspekta alimwambia.

Refa aligeuza kichwa kwenye mto. Baadaye aliuliza kama ile dawa ilimsaidia, hata kidogo.

"Ilimpa nafuu ya pua," Inspekta alisema, na huo ulikuwa ukweli. "Alilala vizuri."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akaomba avutiwe pazia, ingawa jua lilikuwa upande mwingine wa jengo.

*

Nje, karibu na gari, Inspekta alimpigia simu daktari. Alimweleza kwa mpangilio, bila kuongeza chumvi. Mwishowe daktari alisema kwamba aliuliza. Aliuliza kabisa, anakumbuka mahali aliposimama.

"Ulimwuliza nani?"

Daktari alikuwa kijana bado, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya kijana zaidi. Alisema nesi. Akasema mgonjwa mwenyewe alikuwa amesinzia, na binti alikuwa pale pale karibu na kichwa, ameshika kikombe. Alimruka kwa macho. Alisema pia, na Inspekta alimtaka alirudie ili alisikie vizuri, kwamba hata kama ile dawa kali isingeondolewa, hawezi kuapa kwamba mzee angepona. Moyo ulikuwa umechoka, na wengi hufa dripu ikiwa inadondoka. Labda angepona, labda figo zingemtangulia. Hilo hakuna kipimo chake.

"Kesho asubuhi utakuja nami kwa binti," Inspekta alisema. "Hayo yote uyaseme wewe mwenyewe. Swali, na uliyemwuliza, na usiyemwuliza."

Daktari alikubali bila kutafuta visingizio. Simu ya pili ilikuwa ya mkuu wa upelelezi, na hiyo ilikuwa fupi. Jalada haliendi kesho. Mkuu akataka kujua kwa nini. Inspekta akasema nesi alifanya kazi yake na ushahidi upo chini ya hadubini. Mkuu akaguna mguno ambao kituoni ulijulikana kuwa ni ruhusa.

Koplo alikuwa ameketi nyuma ya usukani bila kuwasha gari.

"Nesi kapona," alisema. "Na binti je, afande? Lazima ajue?"

"Bila maelezo yake na bila ile tyubu, nesi hajapona. Ninayo mafuta kwenye kioo tu. Yangeweza kuwa yametoka popote."

"Kwa hiyo tunamsafisha mmoja kwa mwingine."

Inspekta akaingia, akafunga mlango wa gari. Alikuwa akifikiria jambo hilohilo tangu hospitali, na hakupata njia ya kulizunguka. Binti alitaka mkosaji, kwa sababu aliyekufa alikuwa baba yake na mtu hawezi kukasirikia hewa. Na sasa njia yote ya upelelezi, kila swali alilouliza kwa upole wake, lilikuwa likipiga kona na kurudi mlangoni kwa binti huyo.

*

Kibanda cha fundi kufuli kilikuwa kimefunguliwa. Tupa ilikuwa ikifanya kazi ndani, kwa mwendo sawa, kwenda na kurudi. Binti aliinua kichwa alipoona kivuli mlangoni. Ufunguo uliokuwa umebanwa kwenye jiliwa ulikuwa umechongwa nusu. Alisema mwenye ufunguo atakuja kuuchukua kesho, aliahidiwa na baba, hakutaka ahadi ya marehemu ivunjike. Kisha akauliza kama wamemkamata nesi.

"Bado ninauliza maswali, mwanangu."

"Kila siku maswali." Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka, macho yamevimba, vidole vimejaa unga wa shaba. "Shangazi anasema nyinyi na hospitali ni kitu kimoja. Mimi nikamwambia wewe uliwahi kusimama ukitazama ukuta wakati baba anafanya kazi. Alikusifu. Alisema askari wengine huchungulia."

Inspekta akakaa kwenye kisanduku alichoonyeshwa. Koplo alibaki nje, mgongo kwao. Akamwuliza juu ya siku zile za wodini, si siku ya kipimo, bali zilizotangulia. Asubuhi ilikuwaje, jioni ilikuwaje. Ilionekana hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hayo, kwani binti aliweka tupa chini akaanza kusimulia kama mtu aliyekuwa akisubiri zamu yake. Alisimulia jinsi ya kumgeuza mtu mzito bila kumwumiza, unavyotanguliza bega. Alisimulia uji unavyopozwa. Alisema baba yake aliona haya kuogeshwa na binti, wakakubaliana kwamba kila siku atafumba macho, na yeye binti atajifanya hajui kwamba ameyafumba.

"Na pua?"

Aliutazama mlango, akapunguza sauti. Alikiri kwamba alimficha nesi. Mpira wa hewa ulikuwa ukimchana baba, anatoka damu, na nesi amekataza mafuta. Basi alipata dawa ya pua kwa refa wa kitanda cha pili. Alikuwa akizungushia pamba kidole kidogo, anatia kidogo tu, anampaka taratibu ndani mpaka mwisho wa kucha. Asubuhi na jioni. Hakukosa hata mara moja.

"Siku ya kwanza aliniambia, 'Sasa napumua kama mtu.' Akalala mpaka alfajiri. Katika yote niliyomfanyia pale, hilo moja nilijua limemsaidia."

Inspekta aliitazama mikono yake mwenyewe. Akauliza kama ile tyubu bado ipo.

Ilikuwapo. Binti aliitoa kwenye mkoba, imefungwa ndani ya kitambaa cha mkononi. Ilikuwa imebonyea katikati, kikofia kimekazwa vizuri. Alisema nguo za baba zimegawiwa, na vyombo ni vya kazi, lakini hiki hajui kwa nini hakukitupa. Inspekta aliomba aondoke nacho. Akaeleza kwamba ataandikiwa hati ya kupokelewa, kama kawaida ya vielelezo. Binti alishika kitambaa kwa muda zaidi ya uliohitajika.

"Kitarudi?"

"Kitarudi."

"Na nesi?"

Hapo ndipo alipochagua maneno, na hata alipoyachagua hayakumpendeza. "Nesi alimpima baba yako. Nimeona kwa macho yangu. Kijiti kiliingia, tena alikisugua sawasawa. Hakukudanganya."

Binti alimkazia macho. Alionekana kama mtu aliyeegemea mlango akakuta haukufungwa.

"Kama alimpima," alisema polepole, "mbona kipimo hakikumwona huyo mdudu?"

Tyubu ilikuwa mfukoni mwa Inspekta, upande wa moyo, nyepesi kama kitu kisicho na chochote. Alifikiri kumwambia palepale. Lakini yeye hakuwa mtu wa tiba; angelisema vibaya, angeacha nusu, na nusu ambayo angeiacha ndiyo ile daktari aliyopaswa kuibeba mwenyewe. Binti huyu asisikie habari ya kidole chake kabla hajasikia habari ya swali ambalo hakuulizwa. Alitaka vije kwa mpangilio huo.

"Kesho asubuhi nitakuja na daktari," alisema. "Atakueleza yeye. Shangazi yako awepo."

"Shangazi wa nini?"

"Ni maelezo marefu. Ni vizuri mkiyasikia wawili."

"Mimi ni mtu mzima, afande. Nilimfumba baba yangu macho mwenyewe. Ni maelezo gani hayo ya kushikwa mkono?"

"Awepo tu, mwanangu," Inspekta alisema. "Nakuomba."

Aliaga. Alitoka kinyumenyume kidogo, kama atokaye chumba cha mgonjwa, akaingia garini. Koplo aliwasha injini, akamwuliza kama waelekee kituoni kuandika. Inspekta alisema asubiri kidogo. Alifungua kioo.

Tupa ilikuwa imeanza tena, ile sauti kavu ya kwenda na kurudi. Mtu wa kesho lazima apate ufunguo wake. Ilienda, ikarudi, ikaenda. Inspekta aliisikiliza, akajikuta anaiombea isichoke. Ikapunguza mwendo. Ikaenda mara moja zaidi, ndefu, na haikurudi.

Walingoja. Mtaani watoto walikuwa wakigombania mpira, mtu akiteremsha mlango wa duka lake. Ndani ya kibanda hapakusikika chochote, wala kiti, wala hatua.

"Zima gari," Inspekta alisema.

Koplo akazima. Wakakaa, madirisha wazi, karatasi za maelezo bado nyeupe juu ya magoti yake.